Sura ya Mika Chini ya Taa

Eunike alikuwa amekufa ganzi, na hakuona haya kulisema. Mwanawe wa pekee, Mika, alichukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, akafia vitani Burma, akazikwa hukohuko, kama alizikwa. Watu walipokuja kumlilia, yeye akawapikia. Mumewe Anaeli, fundi wa milango, ndiye aliyelia mpaka akaugua. Kabla hajafa aliingia kanisani na kopo lake la rangi, akapanda ngazi, na kwenye picha kubwa ya Karamu ya Bwana iliyoachwa na Wajerumani akampa mwanafunzi mmoja sura ya Mika. Kijana huyo hakuwahi kupigwa picha. Sura nyingine yake haikuwepo duniani.

Hakuna aliyegundua. Jamani, nani humtazama mwanafunzi wa mwisho mezani? Eunike ndiye aliyefagia kanisa, na kila Jumamosi alipanda ngazi, akampaka Mika wa pichani siagi kwenye paji la uso, kama apakwavyo mtoto aliyerudi kutoka safari ndefu. Moyoni hakusikia kitu. Alipaka, akaendelea kufagia.

Mwaka wa hamsini na nne picha ilikuwa inabanduka, akaletwa mama wa Kizungu kutoka Nairobi, fundi wa kutibu picha. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi, jenereta ikanguruma nje, na taa yake ikatoa mwanga wa zambarau ambao, usiniulize vipi, huonyesha yale ambayo jua halionyeshi. Vanishi ya kale ikang'aa kijani picha nzima. Penye uso wa Mika palikuwa peusi ti, na juu ya weusi huo ilimeta michirizi ya vidole.

Mchungaji Aminieli akatafsiri maneno ya mama huyo. Pale peusi ni rangi mpya iliyopakwa juu ya ile ya kale. Tena kuna mafuta yamepenya, mende wameyafuata, na sura ile isipofutwa picha nzima itaoza. Mchungaji akauliza ni nani aliyefanya hivyo. Eunike, aliyekuwa pale na ufagio wake, angeweza kunyamaza zake.

"Ni Mika wangu," akasema. "Baba yake ndiye aliyemchora. Siagi ni mimi."

Mchungaji, aliyembatiza Mika kwa mikono yake, akaketi kwenye benchi. Akasema hawatagusa kitu mpaka Eunike mwenyewe aamue. Haya, mzigo wote huo akatwishwa mama wa watu! Eunike alitafuta uchungu ndani yake, hakuupata. Alichojua ni kwamba kila Jumamosi alikuwa anaiozesha sura ya mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

"Mfuteni," akasema. "Lakini pamba mtakayomfutia nipeni mimi."

Mama wa Kizungu akafuta taratibu, paji, macho, kidevu. Chini yake akatokea mtu mwenye ndevu nyekundu ambaye Eunike hakumjua wala hakutaka kumjua. Pamba iliyojaa rangi Eunike akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akashuka nayo nyumbani, akachimba migombani kando ya kaburi la Anaeli. Akaizika, akapanda mche wa isale upande wa kichwani, kama unavyopandwa kwenye makaburi yote ya Wameru.

Jirani yake Magdalena akapita, akauliza anazika nini. Eunike akafungua kinywa amjibu, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Mika amerudi," akasema. "Waite watu. Safari hii wapike wao."