Aliyekula Kipande cha Haya

Lango la bustani ya michezo ya Revebakken bado limefungwa, na Borghild Tveito tayari amenuna. Yuko chumba cha nyuma, kwenye tanuri namba mbili, upande wa mapipa ya taka, anakata madonge ya mikate ya kuwekea soseji. Anakata, anaviringa, analaza kwenye sinia. Akiviringa madonge matano sita hivi, shingo inageuka yenyewe kuelekea dirishani.

Dirishani kinaonekana kibanda chekundu cha langoni. Juu ya mlango wake kuna ubao mpya wenye picha ya mkate wa mdalasini uliojizungusha, unaong'aa sukari. Ndani ya kibanda Oddny Rongved anapanga sinia huku akipiga mluzi.

“Msikie,” anasema Borghild. “Mluzi! Mtu mzima na akili zake anapiga mluzi kabla hajanywa kahawa?”

Aslaug, mkata tiketi ambaye hupitia hapa kila asubuhi kujaza chupa yake, anacheka mpaka kahawa inamwagika. “Borghild, una gere wewe.”

“Sina.”

“Unayo. Inakutoka masikioni.”

“Haya, ninayo. Umefurahi? Funga mlango, unaniingizia baridi.”

Usidhani anatania. Borghild, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, ana wivu, na mwandishi wa gazeti hili alipomtembelea Ijumaa iliyopita hakuuficha hata kidogo. Wivu wake una jina, una mluzi, na una foleni inayofika hadi kwenye farasi wa kuzunguka.

Kwa misimu ishirini na sita kibanda kile kilikuwa chake. Alizaliwa Toten, kwenye shamba la viazi, akafanya kazi kiwanda cha maziwa mpaka kikafungwa, ndipo akavuka ziwa Mjøsa kuja kuomba kazi ya kufagia hapa Revebakken. Mwokaji wa wakati huo aliumwa mgongo wiki ya pili. Borghild akavaa aproni yake na hakuivua tena.

Alichouza ni mkate wa shule: andazi la mviringo lenye iliki, kastadi ya manjano katikati, na pembeni sukari nyeupe iliyonyunyiziwa nazi. Watoto walioshuka kwenye treni ya mteremko wakiwa wamepauka walikuja kwake wakala, rangi ikawarudi. Wengine sasa wanakuja na watoto wao.

“Siwajui majina,” anasema. “Nawajua kwa namna wanavyokula. Yupo anayelamba kastadi kwanza. Yupo anayezungukia nazi yote, akabakiza kitovu. Alikuwa hivyo ana miaka sita, yuko hivyo leo ana ndevu.”

Kisha, misimu miwili iliyopita, akaja Oddny kutoka Bergen. Ana miaka arobaini na minne, sauti kubwa, na kicheko kinachosikika mpaka maegesho ya magari. Alikuja na skillingsbolle ya kwao, ule mkate wa mdalasini uliojizungusha. Borghild hakuwahi kuuita kwa jina hilo.

“Konokono,” anasema. “Unga uliojikunja ukalala. Ndiyo nini sasa?”

“Watu wa Bergen ni watu wazuri,” anaongeza baada ya kufikiri. “Ila wanaongea kama wanalipwa kwa neno.”

Misimu miwili walioka pamoja kibandani, kila mtu na upande wake wa meza. Borghild anakiri kwamba hakuwahi kuonja mkate wa mwenzake.

“Uliapa?” anauliza mwandishi.

“Wala. Sikuwa na njaa.”

“Misimu miwili?”

“Misimu miwili,” anasema, na kuendelea kuviringa.

Aprili mwaka huu, wafanyakazi waliporudi kuiandaa bustani, meneja Sigbjørn Lunde aliwaita. Kibanda kilikuwa kimejengwa upya, chenye tanuri moja la kioo ili wageni waone mikate inavyoumuka. Tanuri moja, mkate wa aina moja. Mwokaji mmoja angebaki langoni, mwingine angehamia nyuma kuoka mikate ya soseji.

Hapo Sigbjørn alikwama. Kupiga kura kwa kunyoosha mikono kungekuwa balaa, maana nani huku anaweza kumwambia mwenzake usoni kwamba cha fulani ni kitamu zaidi? Wangeangalia viatu mpaka kiangazi kiishe. Basi akapata wazo, na mwenyewe aliliona la akili sana. Sinia mbili ziwekwe kwenye chumba cha kupumzikia, ya Borghild na ya Oddny, idadi sawa. Watu wale kimyakimya. Sinia itakayokuwa tupu kwanza, mwenye nayo ndiye wa langoni.

Hakuna aliyepinga. Na hakuna aliyekumbuka, Sigbjørn akiwemo, kwamba katika nchi hii mtu hali kipande cha mwisho.

Wamekulia humo wote. Kipande cha mwisho ni kipande cha haya. Anayekichukua ni mlafi na hakufunzwa kwao. Kinakatwa nusu, ile nusu inakatwa nusu, mpaka sahani inabaki na chembe ambayo hata shomoro angeitilia shaka, na chembe hiyo ndiyo inayokwenda kukauka mezani.

Saa sita mchana kila sinia ilikuwa na mkate mmoja. Ndipo visu vikatoka. Fundi wa bembea alikata mkate wa shule nusu, akaondoka nayo akijisikia muungwana. Aslaug akakata nusu iliyobaki. Wa mdalasini nao ukakatwa, lakini mara moja tu. Meneja mwenyewe aliingia, akautazama mkate wa shule kwa hamu, akachukua kisu, akakata.

“Mpaka mapumziko yanaisha, changu kilikuwa kama kidole gumba hivi,” anasema Borghild, akionyesha. “Cha Oddny kilikuwa nusu nzima. Nilikuwa naongoza. Liandike hilo. Naongoza!”

Watu wakarudi kazini. Sigbjørn alisema atapita baadaye kidogo kuamua. Borghild akabaki peke yake chumbani, anaosha vikombe ambavyo havikuwa zamu yake, kwa sababu hakuweza kuziacha zile sinia bila mtu wa kuzilinda.

Na ile nusu ya mdalasini ilikuwa pale, inanukia.

“Nilitaka iwe mbaya,” anasema. Ameacha kuviringa sasa, mikono imetulia juu ya unga. “Nikubali tu. Nilitaka niweke mdomoni, niseme, aa, kumbe ni makelele matupu. Nilikuwa nimebeba ule wivu misimu miwili, jamani, unachosha. Nikasema nionje kidogo tu, nitulie.”

Akamega. Akatafuna. Anasema alijua kabla hajameza. Unga ulikuwa laini na siagi haikufanyiwa uchoyo, lakini kilichompiga ni iliki. Ilikuwa imetwangwa asubuhi ileile. Borghild mwenyewe alikuwa ameacha kutwanga miaka mingi nyuma, bustani ilipokua na wateja wakazidi, akawa anatumia ya unga kutoka kwenye mfuko. Hakuna aliyelalamika, naye akasahau kwamba kulikuwa na tofauti.

“Roho iliniuma, nikamega tena. Ikaniuma zaidi, nikamega tena.”

Alipozinduka alikuwa analamba vidole, na sinia ya Oddny ilikuwa tupu, nyeupe kabisa.

Buti za Sigbjørn zilisikika kwenye ngazi. Aslaug amemuuliza mara mia kwa nini hakukitupa kinywani kile kipande chake mwenyewe cha kidole gumba, wakatoka sare. Muda ulikuwepo. Borghild anamtazama kila mara kama aliyetukanwa.

“Kipande cha mwisho, tena cha mkate niliouoka mwenyewe? Afadhali niingie ziwani na viatu vyangu.”

Sigbjørn akaingia, wafanyakazi wengine nyuma yake, Oddny katikati yao. Akaitazama sinia moja, akaitazama nyingine.

“Nani amemaliza?” akauliza.

Katika chumba kile hapakuwa na mtu ambaye angelikubali jambo hilo hata kwa kisu shingoni. Borghild alikuwa ameshika kikombe kilichokwisha kukauka, anakifuta.

Oddny ndiye aliyemsogelea. Alichukua karatasi ya kufutia mikono, akamwekea kiganjani. “Sukari, Borghild,” alinong'ona. “Kidevuni.”

“Angenicheka ningemsamehe,” anasema Borghild. “Hakucheka. Yeye na mdomo wake wote ule, siku hiyo aliamua kuwa mwema. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia dakika ile.”

Sigbjørn alitangaza matokeo huku akiviangalia viatu vyake. Kesho yake Borghild akahamia nyuma.

Mshahara haukupungua hata krone moja, na hilo ndilo linalomkera, kwa sababu akilalamika watu humuuliza kwani amepoteza nini. Sasa anaoka mikate ya soseji elfu moja na mia mbili kwa siku ya jua. Mgongo unamsumbua kidogo; hilo analitaja kwa kupita tu.

“Hakuna mtoto anayerudi baada ya miaka ishirini kuutafuta mkate wa soseji,” anasema. “Unamsaidia asiungue vidole, basi. Wengine wanakula soseji tu, mkate wenyewe wanawarushia bata.”

Foleni ya Oddny anaijua kuliko Oddny mwenyewe. Anajua inapofika kwenye farasi, inapopinda, na nani ameondoka akarudi kununua wa pili. Mvua ikinyesha, foleni ikatawanyika, moyo wake unachangamka.

“Mungu anisamehe. Na mimi naloa hivyohivyo nikienda kwenye basi, lakini naloa nikiwa na furaha.”

Hata hivyo, kuna jambo alilianza wiki ya kwanza ya Juni bila kumwambia mtu. Alileta kinu cha jiwe cha marehemu mama yake kutoka Toten, akakificha nyuma ya magunia. Kila Ijumaa, kabla ya mikate ya soseji, anatwanga iliki, anaoka sinia moja ndogo ya mikate ya shule, anaiacha chumba cha kupumzikia. Haandiki jina. Watu wanakula. Kipande cha mwisho kinabaki, kinakatwa, kinabaki tena, kisha jioni anakikuta kimekauka, anakitupa. Sigbjørn anajua na hajasema kitu.

Alichosema Sigbjørn, alipobanwa, ni kwamba kibanda si cha mtu milele. Aprili ijayo sinia zitawekwa upya. Borghild alitaka sharti moja tu: majaji waletwe kutoka Sweden.

“Wale hawana haya,” anaeleza, bila tabasamu. “Wanamaliza sinia na kuuliza kama kuna nyingine.”

Sigbjørn alicheka mpaka akakohoa, akasema watakula walewale wa siku zote.

Ni Ijumaa hiyo ya ziara, na sinia ndogo iko mezani tangu mapumziko ya mchana yalipoanza. Fundi wa bembea amekula miwili. Aslaug amekula mmoja akafunga mwingine kwenye karatasi, eti wa dada yake. Borghild ameketi pembeni na kikombe chake, anajifanya anasoma tangazo la bima ukutani. Mapumziko yanakwisha, viti vinavutwa, watu wanatoka. Mkate mmoja umebaki, mzima, hakuna aliyepata muda wa kuukata.

Borghild naye anarudi kwenye tanuri, maana kuna mikate ya soseji ndani. Anaitoa, anaipanga, anafuta mikono. Anakumbuka sinia yake. Anarudi kuichukua, na mwandishi nyuma yake.

Sinia ni tupu.

Kwenye sinki amesimama mtu, amewapa mgongo, maji yanatiririka na hakuna anachoosha. Ni Oddny. Mabega yamekaza.

“Nani amemaliza?” anauliza Borghild.

Mwanamke wa Bergen, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu avuke milima kuja huku, hajibu, kwa sababu mdomo umejaa. Anageuka polepole. Nazi imemganda kidevuni, nyeupe.

Borghild anavuta karatasi ya kufutia mikono, anamwekea kiganjani. “Nazi, Oddny. Kidevuni.”

Oddny anajifuta. Anameza. “Umeanza kutwanga iliki.”

“Ndiyo.”

“Tangu lini?”

“Tangu Juni. Ya kwako ndiyo iliyonikumbusha.”

Oddny anaitazama sinia tupu. Kisha anatazama dirishani, kule kwenye kibanda chekundu, ambako foleni inamsubiri na mtoto mmoja ameshaanza kulia. Hacheki. Uso umemkunjamana kidogo kuzunguka mdomo, na macho yanarudi tena kwenye sinia. Borghild anaufahamu uso ule. Ameuona kwenye kioo cha tanuri namba mbili kiangazi kizima, lakini ulikuwa wake.

“Foleni yako,” anamkumbusha, kwa upole ambao hata yeye unamshangaza.

“Naiona,” anasema Oddny, akatoka bila mluzi.

Borghild anaichukua sinia, anaibana kwapani, anarudi nyuma kwenye madonge yake. Anaulizwa anatarajia nini sasa. Anafikiri huku mikono ikiviringa, na safari hii shingo haigeuki kuelekea dirishani.

“Aprili,” anasema. “Sinia mbili, idadi sawa. Na yule msimwache peke yake chumbani na ya kwangu.” Anaviringa donge jingine. “Au mwacheni. Ndiyo. Mwacheni.”