Ngazi za Bi Zuhura

Kazi yangu ni kugawa simu zinazopima mwendo wa watu wa Mji Mkongwe. Moja nilimpa Bi Zuhura, jirani yetu wa tangu utoto wangu, nikamsihi iende naye kila akitaka kitu dukani.

Juzi, kwenye mkutano wa mtaa, nikamsifu kwa mbwembwe: bibi huyu, na magoti yake mabovu, hushuka na kupanda ghorofa tatu mara kumi kwa siku!

Bi Zuhura akacheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio.

"Mwanangu, mie sishuki. Dukani linakwenda kapu, nnaliteremsha kwa kamba dirishani, na simu yako imo humo. Umesahau? Si wewe, ulipokuwa mdogo, uliyekuwa ukinitilia mikate humo, ikinifikia imemegwa?"