Pole Tuliyompelekea Sista Amelia

Harufu ya kahawa iliyofurika ikamwagikia mkaa hunikera hadi leo, na wajukuu zangu hudhani ni uzee. Siyo uzee. Ni Sista Amelia, Mreno aliyeletwa misheni ya kwetu, upande wa Ikungi, akitokea Msumbiji. Alikuwa na wiki mbili tu, Kiswahili chake kiliishia kwenye "asante." Mimi nilikuwa darasa la nne, nikimwoshea vyombo, na Kiingereza changu chote kingeenea kiganjani.

Siku hiyo ikaja barua. Katekista Yohana, aliyeweza kuzungumza naye, akatuambia mama yake Sista amefariki huko Ureno, kisha akapanda baiskeli kumfuata Padre mjini. Mama yangu hakungoja. Alitia unga wa uwele kwenye ungo, akawapitia majirani wawili, Monika binti Muna na Felista binti Ntandu, tukaenda kuhani.

Kwetu mfiwa hashiki kazi. Anakaa chini, wenzake wanapika na kuchota maji. Sasa tukamkuta Sista kasimama jikoni, macho mekundu, anachemsha kahawa!

"Mwambie pole," mama akaniamuru kwa Kinyaturu.

"Sori, Sista," nikasema.

Akafungua kitabu chake cha Kiingereza na Kireno. Chini ya neno langu moja Wareno walikuwa nayo mengi, yamebanana kama kuku kichanjani. Kidole kikatua kwenye la kwanza. "Desculpa?" Hilo nililijua, alilisema kila aliponikanyaga. Akaanza kukagua vikombe, aone nimevunja kipi. Nikatikisa kichwa. Akashuka kwenye la pili, la tatu, akiyasoma kwa sauti, nami nitajuaje lipi ni la msibani? Nilitamani kukichana kile kitabu.

"We mtoto, huko shule mnafundishwa nini, kuimba tu?" Monika akafoka.

Nikanyoosha kidole juu mbinguni, nikasema, "Mama." Midomo ya Sista ikatetemeka. Ameelewa! Nikashusha pumzi. Lo, si akageuka, akamimina kahawa, akaanza kutugawia!

"Mnyang'anye hiyo birika," Felista akamnong'oneza mama. "Akae chini alie, kama watu."

Mama akamtazama Sista, ambaye tayari alikuwa anafuta meza iliyokuwa safi. Akapokea kikombe, akanywa chote, akakinyoosha tena aongezewe. Sista akaongeza, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, huku anamimina, hata kahawa ikafurika, ikamwagikia mkaa.

Monika na Felista waliondoka wamenuna. Kijiji kizima kikasema mama amekwenda msibani kuandaliwa. Nilimkasirikia miezi mingi: mimi nimehangaika na maneno mpaka jasho, yeye kaniharibia kwa vikombe viwili.

Miaka ikapita. Mume wangu, Petro, alipofariki, wanawake walinikalisha mkekani. Wema mtupu, siwalaumu. Lakini mikono yangu ilikaa mapajani kama ya mtu mwingine. Siku ya tatu nikamwomba mkwe wangu Salome ufagio, nifagie hata mlangoni tu.

"Mama, pumzika," akanijibu, akaondoka na ufagio.

Nikaanza kulia upya. Walidhani namlilia Petro. Nilikuwa namlilia mama yangu na vile vikombe vyake viwili.