Kutwa Mara Tatu

Fomu ilikaa siku nne juu ya kabati, chini ya rozari, ikisubiri dole gumba la bibi.

Paskazia alikuwa amemaliza mwaka wa pili wa kilimo kule Morogoro, na Maruku nzima, karibu na Bukoba, ilishamwita bwana shamba, ingawa alikuwa msichana. Baba yake alitunza miche ya migomba kwenye kituo cha utafiti kwa miaka kumi na sita. Alipofariki mwaka 1985, watu walisema kazi yake imepata mrithi. Miaka miwili baadaye binti akarudi likizo na karatasi ya kuhamia Dar es Salaam, kusomea shahada ya famasia. Chuo kilikuwa kimemkubali, ila aanze upya mwaka wa kwanza, na mlezi aweke sahihi. Mama yake, Benigna, alikuwa hoi kitandani, na mambo yote ya nyumba alikuwa amemwachia mama mkwe. Alibaki mukaka, bibi mzaa baba, na mukaka alikuwa amekataa.

"Umebakiza miaka miwili, sasa unataka minne," alisema, akitafuna punje zake za kahawa. "Na mama yako nani atamgeuza kitandani?"

"Nataka kusomea dawa, mukaka."

"Dawa hata Byabato wa pale chini anazo, na Dar es Salaam hajafika."

"Byabato ni mganga wa kienyeji!"

"Wateja lakini hajakosa."

Chumbani mama alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Alikuwa na ugonjwa uleule uliomchukua mumewe, ukimwi, ambao watu walikuwa bado wanauita Juliana, kwa jina la mashati ya magendo yaliyokuja baada ya vita. Paskazia alikumbuka jinsi baba alivyokuwa akigeuzageuza vibahasha vya dawa mkononi, mtu mzima aliyejua jina la kila mgomba, akiona aibu kuuliza hivi ni vya nini. Hilo ndilo alilotaka kumweleza bibi. Kila alipoanza, aliishia kuchukua ndoo na kwenda kuteka maji.

Meli ya Mwanza ilikuwa iondoke Ijumaa. Alhamisi asubuhi alisikia kinu kidogo cha karanga kikigonga uani. Kikagonga, kikanyamaza, kikagonga tena. Alipotoka alimkuta mukaka amepiga magoti, na ndani ya kinu hamkuwa na karanga bali unga mweupe.

"Unatwanga nini?"

"Vidonge vya mama yako. Hii ni mara ya tatu, sasa naweka kwenye uji."

"Kwa nini unavitwanga?"

"Si aliniambia yule kijana wa dirishani, kule zahanati? Viwili, kutwanga mara tatu. Sijaruka hata siku moja." Alisema kwa fahari, akipangusa mchi kwa kidole ili unga usipotee.

Paskazia alichuchumaa. Alitamani kunyamaza. "Mukaka, alisema kutwa. Kutwa mara tatu. Viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni."

Mukaka aliangalia kinu, akahesabu kimya. Wiki tatu alikuwa akimpa mkamwana wake dawa asubuhi tu.

"Nimemuua?"

"Hapana. Hivi ni vya homa na kikohozi. Ule ugonjwa wenyewe hauna dawa, mukaka, hata kule Dar hauna. Si wewe."

"Mama," Benigna aliita kutoka chumbani, maana ukuta ulikuwa wa matete na alisikia kila kitu, "mimi nimefika leo kwa uji wako. Ulete, unapoa."

Mukaka alimpelekea, akakaa naye mpaka bakuli likaisha. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Huko Dar watakufundisha kuieleza dawa kwa Kihaya, mtu kama mimi aelewe?"

"Hawatanifundisha. Kihaya ninacho tayari."

"Leta hiyo karatasi."

Paskazia alimpaka wino wa kalamu kwenye dole gumba. Unga wa vidonge ulikuwa bado umeganda kwenye mikunjo ya ngozi, kwa hiyo alama ilitoka na mistari myeupe katikati. Mukaka alitaka kunawa na kurudia. Paskazia akamzuia.

Benigna alifariki Novemba, wakati wa senene, akiwa anapewa dawa mara tatu kwa siku: jogoo anapowika, kivuli kinapoingia mlangoni, na mbuzi wanaporudi. Mukaka hakukosea hata mara moja.

Paskazia alirudi na shahada yake, akapata dirisha lake mwenyewe mjini Bukoba. Wazee wa vijijini humlalamikia kwamba anachelewesha foleni. Hampi mtu dawa mpaka amrudishie maelezo kwa Kihaya, neno kwa neno, na kumtajia jogoo wake, kivuli chake na mbuzi wake. Neno kutwa hajalitumia tena.