Njia ya Wapasua Mbao

Tekla ni fundi cherehani pale Mlabani, Ifakara, mjane ambaye watoto wake wote wameshaondoka kwenda kujitegemea. Kwa miaka ya karibuni anaishi na kaka yake, Venance. Venance alifanya kazi ya reli huko Mlimba mpaka presha ya macho ilipompofusha taratibu, jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia. Alipohamia kwa dada yake hakulalamika. Aliomba tu kiti chake kiwekwe barazani, upande wa barabara. Vijana wa mpira wakipita asubuhi wakikimbia, alikuwa akiwasikiliza hatua na kusema yule wa mwisho anatua vibaya, atakuja kuumia goti.

Alijua anachosema, maana alikuwa mkimbiaji tangu utotoni.

Baba yao, mzee Raimundi, alishuka kutoka Mahenge kuja kupasua mbao, na familia iliishi kwenye kambi ndani ya msitu, ule ulio kati ya reli na mashamba ya miwa. Shule ilikuwa ng'ambo ya msitu, karibu na stesheni, na njia ilikatiza msituni moja kwa moja. Watoto wa kambi waliwaogopa nyati, kwa hiyo hawakutembea, walikimbia. Venance mbele, Tekla nyuma, miguu mitupu, vitabu vimefungwa kifuani kwa kipande cha khanga ya mama. Venance alikuwa akimsubiri kwenye mvule mkubwa wa katikati ya njia, ila akimwona tu anatokeza, anaondoka tena. Utoto wake wote Tekla aliujua mgongo wa kaka yake kuliko alivyoujua uso wake.

Baadaye Venance alikwenda jeshi la kujenga taifa, Chita, na huko akakimbia mashindano kwa niaba ya kambi yake ya jeshi mpaka jina lake likajulikana bonde zima. Wakati huohuo kambi ya mbao ilifungwa, msitu ukawa hifadhi, wazazi wakahamia Ifakara. Hakuna aliyerudi kule. Walibaki kuusimulia tu, mvua ikinyesha na kazi hamna: sauti ya msumeno wa baba kwenye shimo la kupasulia, mlimao wa mama nyuma ya nyumba, hondohondo wakipita juu kwa kishindo cha mabawa.

Halafu mwaka juzi redio ikatangaza mbio za msituni, kilometa kumi ndani ya hifadhi ileile, kila mtu anakaribishwa. Walipokaribia kumaliza wali wao Venance akasema anataka kwenda. Tekla alidhani anataka kwenda kusikiliza.

"Kukimbia," alisema Venance. "Mimi na wewe."

Tekla alimpa sababu zote. Magoti yake, umri wao, mizizi, macho. Venance alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Wakaanza mazoezi kwenye barabara ya kando ya mashamba ya mpunga, mkono kwa mkono, wamefungwa kwa ukanda wa kitenge alioushona Tekla mwenyewe. Mwanzoni aliyekuwa akianguka ni Tekla, kwa sababu alimtazama kaka yake badala ya kutazama chini. Watu waliwacheka kidogo, kisha wakazoea.

Siku ya mbio, binti aliyekuwa akiandikisha watu, Gladness, aliwaamkia kwa heshima, akautazama ule ukanda, akaenda kumwita askari wa hifadhi. Askari mwenyewe, Makoye, alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema kazi yake siku hiyo ni kumfuata wa mwisho ili asibaki mtu msituni, na kama wa mwisho ni hawa wazee, basi atatembea nao.

Vijana waliondoka kama kundi la swala. Tekla na Venance wakaingia nyuma yao, Tekla mbele kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa akisema tu: mzizi, tope, inama, sasa tambarare. Venance alivuta hewa ya majani yaliyooza, akatabasamu peke yake. Hawakukimbia sana, lakini walikimbia.

Tekla hakuuona mvule. Walipofika uwazi mdogo ambao kwa hesabu yake ndipo ilipokuwa kambi, hakuona hata alama ya nyumba. Moyo ukamshuka. Akaona afadhali ampe kaka yake zawadi.

"Tumefika nyumbani," alisema. "Mlimao wa mama bado upo, kaka. Umezaa."

Venance alisimama, ukanda ukakazana. Alinusa hewa.

"Hapa hakuna mlimao, Tekla. Usinipambie. Ya zamani ninayo yote kichwani, hayajaharibika hata kidogo. Nisichokuwa nacho ni cha leo. Hicho ndicho nilichokufuatia."

Basi Tekla akafuta jasho na machozi pamoja, akaanza kumwambia. Nyumba hakuna. Mvule hakuna. Kuna miti michanga, minene kama paja, imesongamana mpaka jua halifiki chini. Kuna kinyesi cha tembo, cha jana au juzi. Juu ya tawi kuna mbega mwekundu, mtoto kamng'ang'ania tumboni, anatutazama. Na shimo la kupasulia mbao la baba lipo, limejaa maji.

Venance aliomba apelekwe hapo. Alipiga magoti ukingoni, akatia mkono majini, vyura wakarukia upande wa pili, naye akacheka kwa sauti. Makoye alikuwa amesimama mbali, ameinamia nyayo za wanyama ambazo pengine hazikuwepo.

Walipotoka msituni, meza zilikuwa zinakunjwa. Gladness aliwakimbilia na maji na medali, akawavisha. Venance aliuliza ni nani kati yao wawili aliyekanyaga mstari wa mwisho kwanza, Tekla akajibu, "Mimi." Venance akamwambia hongera, na hakuwa anatania.

Jumapili, baada ya misa, watu wa rika lao waliotoka kambi ileile walimzunguka Venance wakitaka kujua msitu ukoje siku hizi. Akawaambia miti ni michanga na imesongamana sana, tembo wamerudi, na kwenye shimo la mzee Raimundi wamehamia vyura. Alieleza polepole, akionyesha kwa mikono unene wa miti. Tekla alisimama kando yake, amemshikia mwavuli.