Upawa wa Mufundi Asukulu

Sisi tuliokulia mji wa Baraka, kando ya ziwa, wakati wa vita hatukujua kutupa kopo. Enzi zetu tulicheza mpira wa majani ya migomba, tukaoga ziwani mpaka macho yakawa mekundu, na tukirudi nyumbani kila mtoto alikuwa na kipande cha alminiamu mkononi. Vijana wa leo sufuria ikilegea mkono tu, wanaitupa. Zetu zilikuwa zimeporwa vitani. Mama alikuwa akiazima ya jirani, naye jirani aliitoa akishakula, kwa hiyo fufu yetu, ugali wa muhogo, ilichelewa kila siku.

Mufundi Asukulu, mtengeneza sufuria wa mtaani kwetu, aliyeyusha vipande vyetu katika shimo la makaa, akamimina kwenye kalibu ya mchanga. Vya familia zote viliyeyushwa pamoja, na kila mama alipata sufuria kulingana na alicholeta. Alituonya mara nyingi: "Batoto, kabureta ya pikipiki musilete. Ile iko chuma ingine, inaharibu yote."

Nilimsikia vizuri sana. Lakini kapu letu la vipande halikujaa, nami nilitaka Mama awe na sufuria yake. Nikaponda kabureta kwa jiwe, nikasugua vipande kwa majivu ving'ae, nikavificha chini ya vijiko vilivyovunjika.

Sufuria hazikumaliza wiki. Zilipasuka motoni moja baada ya nyingine, maharage yakamwagikia makaa. Bamama wakamwendea mufundi na sufuria zao zilizopasuka. Mama ndiye aliyepaza sauti kuliko wote: "We mwizi, umetupatia takataka!" Mi nilikuwa nimeshika kitenge chake, nikijificha nyuma. Niliona aibu, na bado naiona.

Hakuna aliyempelekea kazi tena. Akaamua kwenda machimbo ya Misisi kuchimba dhahabu. Asubuhi ya safari alinikuta njiani, akanipa upawa wa alminiamu safi. "Pelekea mama yako," akasema. "Ya kabureta usimuambie, atakupiga bure." Kumbe tangu sufuria zipasuke alijua ni mimi, na hakunitaja.

Siku hizi sufuria za sokoni ni nyepesi, zinang'aa, zikitoboka zinatupwa na hakuna anayeulizwa. Upawa ule haujapinda. Mama amezeeka, anakaa kwangu, na kila nikimpakulia maharage anautazama na kusema: "Yule mwizi, siku moja tu alitengeneza kitu ya muzuri."

Nami namwongezea mchuzi kwa upawa ule ule.