Sahani ya Pilau ya Ushindi

Wakati ule wa siasa watu walikuwa hawazikani. Leo ukimwambia kijana, atakwambia unazua. Duka la mtu wa chama kingine hununui hata kibiriti, na harusi yake huendi. Kwetu siasa iliwagawa mama na mdogo wake wa tumbo moja, waliokuwa wakikaa uchochoro mmoja.

Redio ilipotangaza matokeo ya jimbo letu, chama cha mama mdogo kilikuwa kimeshinda kwa kura chache tu. Akapika pilau, akamletea mama sahani. Mimi hadi leo naamini aliileta kwa mapenzi, maana yule hajui kufurahi peke yake. Mama akaona anachezwa shere. Akaimwaga pilau kizingitini, mwenzake amesimama pale pale, akamwambia:

"Nikifa, usinioshe."

Mwaka haukutimia, yakaja mapinduzi, na habari za kupiga kura zikaisha. Mume wa mama mdogo alichukuliwa, hakurudi. Mama alilia chumbani kutwa nzima, lakini kwenda kumpa pole mdogo wake hakwenda. Nilimkasirikia sana.

"Mama, uchaguzi ushakwisha," nikamwambia.

"Wao umewaishia. Mie nshasema langu."

Kiburi tu, Mungu amsamehe. Na mie nilimpenda hivyo hivyo na kiburi chake.

Miaka ya sabini imeingia, tunapanga foleni ya mchele, mama akaugua. Nilimuuliza kama nimwitie mdogo wake. Akageukia ukutani. Nilingoja aseme neno, hata la kukataa, hakusema. Siku ya pili, baada ya adhuhuri, akafariki.

Mama mdogo alikuja kabla hatujampelekea mtu habari, kilio alikisikia kwake. Alikuwa keshajifunga kanga kiunoni na kukunja mikono ya gauni, tayari kwa kazi. Wanawake waliokuwemo chumbani wote walijua alivyoambiwa. Wakanitazama mimi, mtoto wa maiti.

"Nnajua alivyosema," mama mdogo akaniambia. "Ntakaa hapa nje. Nyinyi mwosheni, mimi ntawapa maji."

Akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule, na ndoo mbele yake. Hapo moyo ulinikatika. Wosia wa mama niliujua, na uzito wa wosia naujua pia. Nikasema, kama ni dhambi basi iwe yangu. Nikamshika mkono, nikamwinua, nikamwingiza ndani.

Hakuna aliyemzuia. Mmoja akampisha upande wa kichwani, mwengine akampa kata. Akachota maji, akayajaribu kwa kiganja yasije yakawa ya moto, kisha akainama karibu na uso wa mama.

"Shikamoo, dada."

Akainua kata. Kisha akaanza kumwosha.